Kibali cha ukaazi cha Ujerumani si uraia! Kwa nini faili la mume wangu limekwama?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo natema nyongo hapa.

Mume wangu ni Mtanzania, mzaliwa wa Tanga. Mimi ni Mkenya, nimezaliwa na kukulia Eastleigh, Nairobi. Tulioana kwa kadhi mwaka 2013, na watoto wetu ni Wakenya wa kuzaliwa kwa sababu mama yao ni Mkenya. Tunaishi South C, nyumba moja, mume na mke. Ameomba uraia wa Kenya kwa kusajiliwa kama mwenzi wa raia. Cheti cha ndoa kipo, cheti cha tabia njema kipo, hati za kiapo zipo, ada imelipwa. Faili limekwama kwenye ofisi husika hapa mjini kwa sababu ana kibali cha ukaazi cha Ujerumani, alikofanya kazi miaka mingi kama fundi wa lifti.

Wacha niwaeleze ilivyokuwa pale mezani. Afisa aliichukua ile kadi, akaigeuza mbele na nyuma, akasoma herufi kubwa za juu, AUFENTHALTSTITEL, yaani kibali cha ukaazi kwa Kijerumani, polepole kama mtoto wa chekechea, kisha akamwita mwenzake wa meza ya pili aje aione. Akamwuliza mume wangu: "Mzee, wewe tayari ni Mjerumani, Ukenya unautakia nini?" Mume wangu hakubishana. Aliweka kidole kwenye sehemu ya uraia kwenye kadi hiyo hiyo: TZA. Wajerumani wenyewe wameandika kwamba huyu ni Mtanzania! Afisa akatazama, akanyamaza, akachukua penseli akaandika juu ya jalada la faili "Ujerumani" na alama mbili za kuuliza. Kisha: "Rudisha hii kadi kwa wenyewe, ulete barua ya kuthibitisha umeirudisha, ndipo tuendelee."

Nikauliza ni kifungu gani cha sheria kinachosema hivyo. "Mama, huo ndio utaratibu." Nikaomba aniandikie huo utaratibu kwenye karatasi na aweke sahihi. Akasema wao hawaandiki. Na yule wa meza ya pili, ambaye hakuna aliyemuuliza, akaongeza kwamba kwa kawaida mke ndiye humfuata mume, si mume kumfuata mke.

Hilo ndilo lililonichoma zaidi, na sitalipita hivi hivi. Chini ya katiba ya zamani, mwanamume Mkenya akioa mgeni, mke alikuwa na haki ya kusajiliwa kuwa raia. Mwanamke Mkenya akiolewa na mgeni, mume hakuwa na njia hiyo. Hata watoto wetu tukiwazaa nje ya nchi walikuwa wanaangaliwa baba yao ni nani. Mama zetu na dada zetu waliishi na dharau hiyo tangu Uhuru. Ilikomeshwa tarehe 27 Agosti 2010, Katiba mpya ilipozinduliwa Uhuru Park, na mimi nilipiga kura ya ndiyo nikijua vizuri ninachopigia. Sasa mtumishi wa umma anayelipwa kwa kodi yangu anakuja kunirudisha enzi hizo akiwa ameketi kwenye kiti chake.

Katiba iko wazi. Kifungu cha 15(1) kinasema mtu aliyekuwa kwenye ndoa na raia kwa muda usiopungua miaka 7 ana haki, akiomba, kusajiliwa kuwa raia. HAKI. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, kifungu cha 11, inaweka masharti: mwombaji asiwe mhamiaji aliyepigwa marufuku wala mwenye amri ya kufukuzwa nchini, asiwe amewahi kufungwa miaka 3 au zaidi, ndoa iwe imefungwa kwa mfumo unaotambulika Kenya, isiwe ndoa ya kutafutia makaratasi, na wanandoa wawe wanaishi pamoja wakati wa kuomba. Nimeisoma kurudi na kurudi. Hakuna neno kuhusu kuwa au kutokuwa na kibali cha ukaazi cha nchi nyingine.

Kinachofanyika pale ni kuchanganya mambo mawili. Kuna njia ya Kifungu cha 15(2) cha Katiba, ya mgeni ambaye hakuoa wala kuolewa na Mkenya. Huyo lazima awe ameishi hapa kihalali miaka 7 mfululizo, na ni sawa kumwuliza alikuwa wapi mwaka gani na kwa nini pasi yake imejaa mihuri ya kutoka. Mume wangu hakuomba kwa njia hiyo! Fomu aliyojaza ni ya mwenzi wa raia. Wakitaka kujua kama tunaishi pamoja, waje South C. Waulize majirani, waulize imamu, waulize walimu wa watoto. Hawajaja. Wanaona ni rahisi kuikodolea macho kadi.

Na hiyo kadi inampa nini hasa? Inamruhusu kuishi na kufanya kazi Ujerumani, basi. Haimpi pasipoti yao, hapigi kura ya bunge lao, hajaapa kiapo chochote kwa nchi yao. Akikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi 6 bila ruhusa ya ofisi yao, kibali kinakufa. Uraia gani huo unaokufa kwa sababu umelala kwako miezi 7? Wakenya wangapi wako Dubai na Doha na vibali vya ukaazi mfukoni, wanatuma pesa nyumbani kila mwezi? Kuna anayewaambia wamekuwa Waarabu? Mkenya wa kuzaliwa anaruhusiwa na Kifungu cha 16 cha Katiba hata kuchukua uraia kamili wa nchi nyingine na akabaki Mkenya. Na Kifungu cha 17, kinachotaja makosa ya kumvua uraia mtu aliyesajiliwa, kinazungumzia ulaghai, kufanya biashara na adui wakati wa vita, uhaini, kifungo kizito ndani ya miaka 5 ya kusajiliwa. Kama kibali cha nje hakiwezi kumvua mtu uraia alioupata, kitamzuiaje kuupata?

Sasa fikirieni wanachomwomba. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Siku mume wangu anapochukua Ukenya, Utanzania unamtoka. Hilo analijua, amelizungumza na mama yake na kaka zake, wazee wamemkubalia kwa uchungu. Yuko tayari kuachia uraia aliozaliwa nao kwa ajili ya familia yake. Juu ya hapo wanataka aachie pia kibali kinachomlisha, maana kampuni yake ya zamani kule Hamburg bado humwita kwa kazi za msimu na karo ya watoto inatoka huko, na aachie kabla hajaahidiwa chochote! Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, na hapa huo msala wenyewe hata hawajautandika. Ombi likikataliwa baadaye, nani atamrudishia kibali? Yule afisa?

Najua kuna watakaosema aombe ukaazi wa kudumu tu atulie. Mwenzi wa raia anaweza kuuomba baada ya miaka 3 ya ndoa, ni kweli. Lakini mkaazi wa kudumu hapigi kura. Na kwenye ardhi, Kifungu cha 65 cha Katiba kinasema asiye raia hawezi kumiliki kwa zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Tuna ploti Kitengela tuliyonunua kwa jasho letu wote wawili, na hati ina jina langu peke yangu. Mimi nikifa leo mume wangu ataanza kuhangaika na mawakili juu ya nyumba aliyoijenga.

Tulipotoka, mtu mmoja alitufuata hadi kwenye ngazi. Sare hana, beji hana, lakini jina la mume wangu analijua na ameshajua kilichoandikwa kwenye jalada. "Mama, hiyo ni penseli, inafutika. Tuongee." Nilitetemeka kwa hasira. Kwa hiyo ndiyo maana hawaandiki kwa kalamu wala hawatoi barua! Kizuizi cha kisheria hakifutwi kwa kifutio. Sitatoa hata shilingi moja, na nawaomba wenzangu mlio kwenye foleni hiyo msitoe, kwa sababu kila anayetoa anamfungia njia anayemfuata nyuma.

Nilichofanya ni hiki. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haraka na halali, na haki yako ikiguswa lazima upewe sababu kwa maandishi. Kuna sheria ya mwaka 2015 ya kutekeleza kifungu hicho, na inasema ofisi ikikataa kutoa sababu, uamuzi wake unachukuliwa kuwa hauna sababu ya maana mpaka ithibitishe vinginevyo. Tumeandika barua ya kudai sababu, tumeipeleka kwa mkono, na nakala yetu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Karani alisita kuugonga. Nilimwambia sitoki pale mpaka augonge, na aliugonga.

Kuna yeyote hapa aliyesajiliwa kama mwenzi wa raia akiwa na kibali cha ukaazi cha nchi nyingine, iwe Ulaya, Ghuba, Uganda, popote? Uliambiwa ukirudishe? Ulipewa barua gani? Na kama uliwahi kwenda mahakamani kwa jambo hili, wakili wako alianzia na kifungu kipi? Andikeni hapa hapa wengine wasome, msinitumie kwa siri. Mume wangu lazima awe Ujerumani kabla miezi yake 6 haijaisha, na nina hakika akipanda tu ndege watasema tazama, haishi na mke wake.