Naomba ushauri: nitaishije leo bila kuiwazia kesho?

Mkaazi wa Umoja: Ndugu zangu, mimi ni mhasibu katika ofisi moja ya Upper Hill. Kila asubuhi, matatu ikiwa bado njiani, akili yangu imekwisha kufika mwisho wa mwezi. Jumapili moja niliketi katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, chini ya mjakaranda uliojaa maua, nikawatazama watoto wakikimbizana, na kwa saa nzima sikuwaza deni lolote. Nifanyeje ili utulivu ule udumu hata siku za kazi?

Mama Zawadi: Mwanangu, mimi huuza mboga, na ninapokata sukumawiki siwazi kingine, maana kisu hakimsamehe anayewaza kodi ya nyumba. Tafuta kazi ya mikono.

Mzee wa Shauri Moyo: Bustani hiyo unaifurahia kwa sababu mwaka 1989 mwanamazingira Wangari Maathai alipinga jengo la orofa 60 lililokusudiwa kujengwa humo, na mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa wakagoma kula humo humo. Enzi hizo nilikuwa kijana, nami nilipita pale nikaona askari kwa macho yangu. Utulivu hulindwa.

Mpita Njia: Kuna jambo hujalisema. Kazini kuna nini?

Mkaazi wa Umoja: Kwa kuwa umeuliza, barua ya kujiuzulu imo mkobani na mke wangu hajui. Nina pia mkopo wa chama cha akiba, na wadhamini ni wenzangu wa ofisini. Hata hivyo sikukurupuka: ninataka kufungua kitalu cha miche, na nimekwisha kuzungumza na mwenye kiwanja.

Mwanakijiji: Naona hadithi hii imetungwa. Mijakaranda ya Nairobi huchanua sana kati ya Septemba na Novemba, nasi tuko Juni.

Mkaazi wa Umoja: Sikusema ni Jumapili iliyopita. Ilikuwa Oktoba, na barua niliiandika jioni ile ile.

Mama Zawadi: Yaani tangu Oktoba unalala na mkeo na siri hiyo? Mwambie leo, kabla hamjala.

Mpita Njia: Na wadhamini wajue, kwa kuwa ukishindwa kulipa, watakatwa wao.

Mkaazi wa Umoja: Nitaanza na mke wangu leo, kisha wadhamini. Kuhusu kitalu, bado naamini sijakosea.