Naomba ushauri: mdogo wangu ana kolaitisi, dawa za kushusha kinga zinanipa hofu

Habari zenu wakuu, naombeni mnisaidie. Mdogo wangu ana miaka 24, kaharisha damu na makamasi miezi 3, mwanzo tukaambiwa amiba, akameza metronidazo na siprofloksasini ikawa hola. Mwezi uliopita ndo akapigwa kolonoskopi (kamera ya kuangalia utumbo mpana) wakachukua na kinyama cha kupima, majibu kolaitisi ya vidonda, daktari kasema kinga yake yenyewe inashambulia utumbo mpana. Kaanzishiwa mesalazini ya kutuliza uvimbe wa utumbo na prednisoloni, ndo hiyo ya kushusha kinga, miligramu 40 kwa siku, sasa chooni kashuka toka mara 10 mpaka 4 ila damu bado ipo, michirizi myekundu kwenye ute, na mashavu yameanza kuvimba.

Kinachoninyima usingizi ni hiki, najua ute wa utumbo pamoja na antibodi (protini za kinga) za IgA ndo vinazuia bakteria wasiufikie ukuta, sasa ukuta wenyewe una vidonda halafu tunashusha kinga, si bakteria watapenya waingie kwenye damu? Dalili gani nikiziona nimkimbize hospitali usiku huohuo nisisubiri kuche? Na mliowahi kutumia prednisoloni mlipunguziwaje dozi, maana yeye anataka aache ghafla, nimemkatalia kabisa.