Mnaazima kinoo kikiwa bapa, mnarudisha mtumbwi. Nimechoka!

Wakuu, salaam.

Nimekaa na jambo hili wiki tatu nikisema hasira zitapoa. Hazijapoa, kwa hiyo leo naliweka hapa hadharani, na kila mwenye tabia ya kuazima vyombo vya kazi vya watu alisome mpaka mwisho.

Mimi ni mpishi wa shughuli, Tanga mjini. Harusi, maulidi, hitima, we niletee idadi ya watu na mchele, mengine niachie. Kazi yangu inaanza na kisu, na kisu kinaanza na kinoo. Kinoo changu aliniletea kaka yangu, baharia, kutoka Japani mwaka 2016. Ni jiwe la maji, yaani la kunolea kwa maji bila mafuta, namba 1000 (namba ikiwa kubwa, chembe za jiwe ni ndogo na laini zaidi), rangi ya tofali la kuchoma, urefu sentimita 20 na ushei, upana 7, unene 3 hivi. Miaka yote hiyo limenoa visu vyangu vitano na halijawahi kuguswa na kitu kingine.

Wiki ya Idd ya kuchinja akaja jirani. Ni mtu tunayezikana, siwezi kumnyima jiwe. Nikampa, na pale pale mlangoni nikamweleza: loweka kwenye maji dakika 10, usitie mafuta ya aina yoyote, nolea visu tu. "Sawa dada, ondoa shaka."

Siku ya tatu akalileta mtoto wake, limeviringishwa kwenye gazeti. Nikafungua, harufu ya mafuta ya alizeti ikanipiga puani. Jiwe jeusi kama kitako cha sufuria ya kuni. Nikachukua rula ya shule ya mwanangu nikailaza juu ya jiwe kwa urefu, katikati nikaona mwanga. Nikachukua njiti ya kiberiti nikaipitisha chini ya rula. Ikatokea upande wa pili bila kugusa popote. Pembeni kuna mfereji mrefu, mwembamba, wa ncha ya kitu kilichoburuzwa kwa nguvu. Kumbe wamenolea visu vya kuchinjia, mapanga mawili na shoka la kupasulia mifupa. Shoka, wakuu! Kwenye jiwe namba 1000!

Nikalimwagia maji. Yakasimama matone matone kama juu ya jani la jimbi. Jiwe ambalo nilikuwa nikilitumbukiza kwenye beseni linatoa mapovu mpaka linashiba, leo halinywi.

Nikamfuata jirani. Jibu alilonipa ndilo lililonileta huku: "Jiwe ni jiwe tu dada, si bado zima?"

Hapana. Si jiwe tu. Kinoo ni chembe ngumu zilizoshikanishwa pamoja, na kwenye namba 1000 chembe moja ina ukubwa wa kama sehemu moja ya mia ya milimita. Zote zinakaribiana ukubwa, ndiyo maana zinakwaruza kisu sawasawa. Ukinoa kwa maji, chembe za juu zikishachoka zinang'oka, zinachanganyika na maji kuwa tope, na mpya zenye ukali zinatokea chini yake. Lile tope ndilo linalofanya kazi, na kuna watu kila dakika wanalisuuza wakidhani ni uchafu! Sasa mafuta ya kupikia yakiingia kwenye vitundu vya jiwe yanaganda kama gundi, yanashika vumbi la chuma, na chembe zilizochoka hazitoki tena. Kisu kinateleza juu kama kwenye kioo. Wajapani walikuwa wakichimba vinoo vya asili kwenye milima ya karibu na Kyoto kwa karne nyingi kabla viwanda havijaanza kuvitengeneza, na fundi wa kule anajua jiwe lipi la kuanzia na lipi la kumalizia. Jirani yangu ameliona la rangi ya tofali akalifanya tofali.

Yapo mawe ya mafuta, najua, msinijie nayo. Lile la kijivu la pande mbili, upande mmoja wa chembe kubwa na mwingine laini, linalouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Mengi ya yale ni silikoni kabaidi, kitu alichokipata Mmarekani Edward Acheson kwenye tanuri lake la umeme mwaka 1891. Hilo linapokea mafuta mepesi ya cherehani. Ya cherehani, si ya kukaangia maandazi. Na likishazoea mafuta basi, usitegemee kulirudisha kwenye maji.

Mtu atauliza bonde la milimita mbili lina ubaya gani. Kisu kinafuata jiwe lilivyo. Likiwa na bonde, pembe uliyoanza nayo siyo unayomaliza nayo, na makali yanakuwa ya mviringo badala ya kukutana. Kisu changu cha kachumbari kina upana wa sentimita 4.5. Nikinoa, mgongo wake naunyanyua sentimita 1.2 kutoka kwenye jiwe, kidole changu cha mwisho kinapita chini yake kwa shida. Hiyo ni kama digrii 15. Kisu cha nyama nanyanyua sentimita 1.5, karibu digrii 20, kwa sababu kinapigana na mifupa. Tofauti ya visu hivyo viwili ni milimita tatu tu! Kwenye mtumbwi nitazipatia wapi?

Haya, Jumamosi ile nilikuwa na harusi. Sina kinoo. Nikafanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma, nikapeleka visu viwili kwa fundi wa grenda sokoni. Dakika moja kila kisu, cheche zinaruka mpaka barabarani, hana hata kopo la maji la kupozea. Kile kisu changu cha chuma kinachoshika kutu, nilichokipenda kuliko vyote, kikarudi na doa la bluu karibu na ncha, refu kama kidole gumba. Bluu kwenye chuma kile maana yake kimefika karibu nyuzi joto 300. Ugumu kilichotoka nao kiwandani umeyeyukia pale. Kikakata nyanya kumi vizuri sana, halafu kikalala. Na huwezi kuurudisha ule ugumu kwa kunoa, labda ukile chuma mpaka sehemu yote ya bluu iishe, na hapo unabaki na kisu cha kumenyea viazi. Nimelipa elfu mbili kuharibiwa kisu.

Haikuishia hapo. Kilo 20 za vitunguu kwa visu vilivyolala, mnajua hali ilivyokuwa. Kisu butu hakikati kitunguu, kinakisaga, maji yanarukia machoni, jiko zima tunalia. Saa tano asubuhi msaidizi wangu yuko kwenye karoti. Kisu hakiingii, akaongeza nguvu, kikateleza juu ya karoti kikaingia kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Nyuzi nne. Binti wa miaka 22 anayeishi kwa mikono yake, wiki mbili hajagusa sufuria. Nyumbani kwao nimekwenda mimi kueleza, jirani hakwenda.

Jiwe nimejaribu kuliokoa. Nimechukua kioo kinene cha meza kuukuu, nikatandika msasa wa maji namba 120, nikachora miraba ya penseli uso mzima wa jiwe, nikaanza kusugua kwa mikono miwili huku nanyunyizia maji. Penseli inapofutika ndipo palipoinuka, inapobaki ndipo bondeni. Kwa kawaida kazi hii naifanya kila nikishanoa visu vyote mara mbili au tatu, na ni ya dakika 5, kwa sababu ninaponoa natembeza kisu uso wote wa jiwe, halafu naligeuza kichwa kikae mkiani ili liliwe sawasawa. Safari hii ni masaa matatu, karatasi sita za msasa, na penseli ya katikati bado ninaiona. Milimita mbili zimeondoka na maji ya beseni. Kwa matumizi yangu hiyo ni miaka ya kunoa. Na upande mmoja, pale mafuta yalipozama sana, mpaka leo haunywi maji.

Nikasema basi, niagize jipya. Muuzaji mmoja wa mtandaoni, picha nzuri, pande mbili, 1000 na 6000. Likaja kwenye boksi tupu, hata kikaratasi cha maelezo hakuna. Nikamuuliza kwa adabu: hili ni la kuloweka au la kunyunyizia? Akajibu, "Loweka usiku kucha, dada." Nikamwamini, yeye si ndiye muuzaji? Asubuhi upande wa 6000 umelainika kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni, na lilipokauka likapasuka kutoka pembe hadi pembe. Nikamtumia picha. Amenifungia namba.

Ninyi mnaouza hivi vitu, sikilizeni. Yapo mawe yanayotaka kulowekwa mpaka mapovu yaishe, na yapo ambayo unayanyunyizia tu ukianza kunoa, ukiyaloweka umeyaua. Mteja hawezi kulijua kwa kulitazama. Kama na wewe hujui, usiuze! Unachukua pesa ya mpishi halafu unamkisia jibu.

Nimeona wengine huku wanasema kisu kikitoka dukani hakihitaji haya yote, nunua kipya. Sijibu hilo.

Ila kuna dada ameniandikia pembeni kwa heshima, ana kinoo cha mumewe hajui aanzie wapi, huyo namjibu hapa hapa. Weka kitambaa kibichi chini ya jiwe lisitembee. Noa upande mmoja mpaka ukipapasa upande wa pili kwa dole gumba, ukitoka mgongoni kuelekea nje ya makali, usikie kama unyuzi unakwaruza toka kitakoni hadi nchani. Huo unyuzi ndio unaokuambia umefika. Usigeuze kisu kabla ya kuusikia, hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Ukigeuza, fanya vilevile, halafu punguza nguvu mpaka unyuzi uishe pande zote mbili. Ukimaliza osha jiwe kwa maji matupu bila sabuni, lisimamishe kwa ubavu kivulini penye upepo, liache siku nzima. Usilianike juani wala usiliweke karibu na jiko, maana likikauka nje haraka na ndani bado bichi linapasuka. Na usilifunge kwenye gazeti likiwa na maji.

Sasa hivi nanoa kwa kitako cha bakuli la kaure, ule ukingo wa chini usiong'aa, kama alivyokuwa akinoa marehemu bibi. Kinanoa kweli, na mara mia kuliko grenda, lakini ukingo ni mwembamba na kisu kirefu kinanichukua nusu saa.

Jirani, najua mkeo anasoma humu. Sitaki ugomvi, sitaki kulipeleka kwa mjumbe. Nataka jiwe namba 1000 lililo bapa, na nataka uende ukamwone yule binti na kidole chake.

Wakuu, Ijumaa nina hitima ya watu 150. Anayejua duka la uhakika, Tanga au Dar, ambako muuzaji anaweza kuniambia jiwe ni la kuloweka au la kunyunyizia kabla sijatoa pesa, aniandikie hapa chini. Waliopo Zanzibar pia, boti nitapanda.