Waliowahi kupima kama mtandao wao unaruhusu kughushi anwani ya IP, tupeane uzoefu

FundiWaya: Wakuu, jana nimeendesha programu ya Spoofer ya CAIDA, kituo cha utafiti wa intaneti. Nimechomeka laptopu moja kwa moja kwenye ruta kubwa, IP ya umma, hakuna NAT (ruta kubadilisha anwani ya mtumaji njiani). Inatuma paketi zenye anwani za uongo kwenda seva zao, halafu inaangalia zipi zimefika. Zangu zimefika zote. Kipimo hiki kipo tangu 2005, BCP 38, mwongozo unaosema tuchuje paketi kama hizo zisitoke kwetu, ilitoka 2000, na msimamizi hapa ni mimi. Usingizi umekata. Nyie mlikuta nini?

ZamuYaUsiku: Umenikumbusha mbali. Ijumaa, saa tisa usiku, mteja anapiga simu analia duka lake la mtandaoni limezimika. Linki ya 1 Gbps imejaa pomoni. Nafungua tcpdump, programu ya kuchungulia paketi: majibu ya DNS (seva zinazotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za IP) yanamiminika kutoka kila pembe ya dunia, na sisi hatujauliza kitu. Kuna mtu alikuwa anauliza kwa kutumia anwani ya mteja wetu. Swali la baiti 60, jibu la 3,000, na jibu linakuja kwetu. Kulipokucha zikaanza barua pepe: wenye zile seva wanatutuhumu SISI kwamba tunawashambulia. Nilijibu moja baada ya nyingine, macho yanawaka. Mtandao alikotokea yule mtu hatukuujua, hadi leo.

MamaSeva: Pole sana mdogo wangu. Yamenikuta.

Kichuguu: Mimi nimepima kwa WiFi ya nyumbani, imezuiwa. ISP wangu (mtoa huduma ya intaneti) yuko safi.

FundiWaya: Hapana mkuu, hapo ruta yako ya nyumbani ndiyo imebadilisha anwani kabla paketi haijatoka. ISP hujampima.

Kichuguu: Kwa hiyo sisi wa nyumbani tusipime?

MamaSeva: Pimeni! Kama una IPv6, anwani za kizazi kipya, hiyo kwa kawaida haipiti NAT. Ila usimpe ISP cheti kwa kipimo kimoja.

ZamuYaUsiku: Ikawaje hatimaye kwa yule mteja? Alihama. Simlaumu.

Bandari7: Mnazunguka tu. Washeni uRPF kali kila mlango wa ruta, paketi itupwe kama njia ya kurudi kwa mtumaji haiko mlango huohuo, kazi imekwisha.

MamaSeva: Bandari, usimponze mwenzio. Niliwasha hivyo hivyo, mteja mwenye ISP wawili akakatika tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Anatoa paketi kwetu, njia ya kurudi iko kwa yule mwingine, ruta inaona ni mwongo. Huyo mwekee orodha ya anwani zake kwa mkono.

Bandari7: Wangapi wana ISP wawili?

MamaSeva: Wanaolipa vizuri.

Jongoo_Net: Bosi wangu aliniuliza, "Tukichuja, sisi tunapata nini?" Nikamwambia ukweli: anayenusurika ni mtandao wa mwingine, na sisi tunamtegemea yeye vivyo hivyo. Alikaa kimya, wiki iliyofuata akasaini.

FundiWaya: Nimeweka vichujio kwenye milango mitatu, nimepima tena. Miwili imezuia. Wa tatu bado unapitisha.

MamaSeva: Angalia VLAN (kipande cha mtandao wa ndani) ya ofisi yenu wenyewe. Hiyo ndiyo husahaulika.