Fundi anafungua hifadhidata ya wakulima kwa dunia nzima, kisha ananiambia "ufw imewashwa"

Wadau, leo mnivumilie, nina hasira.

Ushirika mmoja wa wafugaji upande wa Njoro uliniita niangalie seva yao, malipo ya maziwa yanakwama. Fundi aliyewawekea mfumo alishakula hela yake, simu hashiki. Naingia, nakuta Postgres, yaani hifadhidata yenyewe, iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Nilipompata WhatsApp jibu lake lilikuwa: "Lakini ufw imewashwa, 5432 imefungwa." Yaani ufw, ukuta wa moto wa Linux, na 5432, mlango wa Postgres.

Bwana wee, mfumo wao unaendeshwa na Docker, programu inayoweka kila huduma kwenye boksi lake (kontena), na Docker haiombi ruhusa kwa ufw! Ukiandika "5432:5432" kwenye faili ya compose (inayopanga kontena na milango yake), inajiwekea kanuni zake za iptables (kichujio cha mtandao cha Linux) na pakiti zinapita pembeni. `ufw status` itakuambia umefunga huku watu wanabisha hodi usiku kucha. Ungeandika "127.0.0.1:5432:5432", mlango usikilize ndani ya seva tu, yangeisha. Tena huo mlango ulikuwa wa nini? Kontena zilizo kwenye mtandao mmoja wa Docker zinaitana kwa majina, basi.

Imeji, kifurushi ambacho kontena huanzishwa kutokana nacho, nayo ni balaa. Dockerfile, yaani maagizo ya kuijenga, ina COPY .env (faili yenye siri), halafu chini yake RUN rm .env. Eti amefuta! Kila agizo la hivyo linaongeza tabaka, na faili iliyo tabaka la chini inabaki palepale hata ukiifunika. Nilipiga docker save (inaitoa imeji kama faili ya tar), nikaifungua, funguo za M-Pesa za ushirika hizo hapo. Na imeji yenyewe iko Docker Hub, ghala la imeji mtandaoni, hadharani. Siri ya kujengea ina --mount=type=secret. Ya kuendeshea, ipe kontena wakati wa kuiwasha. Si uchawi.

Sijagusa bado tagi ya latest (isiyotaja toleo) kila mahali, kontena zinazoendeshwa kama root (mtumiaji mwenye mamlaka yote), na docker.sock (njia ya kuiamuru Docker) iliyopachikwa ndani ya dashibodi. Anayeiteka dashibodi hiyo ameshika seva yote.

Humo kuna nambari za vitambulisho na simu za wazee wa watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inatoa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data ukijua kuna uvujaji unaoweza kuwadhuru. Mwenyekiti ananiuliza, "Kijana, Kamishna wa kaunti?" Na atakayeandikiwa barua ni yeye, si fundi.

Kama uliwekewa seva na mtu wa namna hii, usimwamini ufw. Toka nje ya mtandao wako, washa bando la simu, uipige nmap (programu ya kukagua milango iliyo wazi) anwani ya seva yako leo. Funguo zilizowahi kuingia kwenye imeji zibadilishe zote, hata kama imeji umeshaifuta.