Wagonjwa wapya wanatutumia meseji halafu wanapotea, tunakosea wapi?

Mkwaju
Wakuu habari za jioni. Tuna kakliniki ka meno hapa Sinza, viti viwili, daktari mmoja, msaidizi wake na dada wa mapokezi. Matangazo tunaweka Insta na watu wanakuja wasap kweli, shida ni kwamba mtu anaandika saa mbili usiku "kung'oa jino sh ngapi", sisi tunaiona kesho yake saa nne, tukimjibu anasema asante nimeshapata huduma, au anatuachia tiki za bluu basi. Dada wa watu simlaumu, huyohuyo ndo anafungua faili, anapokea hela na kuhangaika na mtandao wa bima ukigoma. Niweke roboti ya kujibu au niajiri mtu? Hela ya mtu wa pili sina kwa kweli.

MamaWawili
Naongea kama mgonjwa. Jino likinishika usiku siulizi kliniki moja, natuma meseji ileile sehemu tatu nne, atakayewahi kujibu ndo wangu, asubuhi niko kwenye bajaji naenda kwake. Na ile ya "karibu sana mpendwa, fika ofisini tuongee bei" inaniudhi kuliko hata kukaushiwa. Nimeuliza bei nitajie bei, kama inategemea na jino lenyewe sema inaanzia hapa inaishia hapa nijipange, nipande daladala mbili kuja kusikia bei??

Kaunta
Mkuu usiajiri kwanza. Mi nipo mapokezi mwaka wa sita sasa, maswali ni yaleyale, bei, mko wapi, mnapokea bima gani, daktari anaingia saa ngapi. Hamia WhatsApp Business, ni bure, majibu unayaandika mara moja yanabaki humo, mtu akiuliza unabofya tu, na kuna ujumbe unaojituma wenyewe mkishafunga. Simu moja inaungwa na vifaa vingine vinne, kwa hiyo hata msaidizi akiwa kwao anaweza kujibu.
Ila app haitakusaidia kama simu ni ya wote. Kwetu ilikuwa hivyo, kila mtu anajua mwenzie kajibu, kumbe wapi! Sasa hivi tunaandika kwenye daftari simu leo ni ya nani, na ukifungua meseji ukaitwa kabla hujajibu unairudisha ionekane haijasomwa.

Mswaki
Hapo kwenye roboti mimi nasita. Mzazi akikuandikia mtoto kaanguka, jino la ukubwani la mbele limechomoka zima, hizo ni dakika sio masaa. Anatakiwa aambiwe palepale alishike upande wa kutafunia, mzizi asiuguse wala kuusugua, alitie kwenye maziwa na aje mbio. Akijibiwa kesho saa nne jino ndo limeshakwenda (la utoto halirudishwi, hilo lisimpe presha). Au mtu anasema uvimbe umeshuka mpaka shingoni, kumeza hawezi, huyo usimpangie miadi, aende hospitali kubwa usiku huohuo. Kwa hiyo kwenye huo ujumbe wa usiku weka namba ya kupiga inayopokelewa kweli.
Halafu hao wanaojibu kutoka nyumbani, picha za midomo ya wagonjwa zisibaki kwenye simu zao, kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, usije ukajitafutia kesi.

Mkwaju
Aisee @MamaWawili umenishika pabaya, hilo la fika ofisini nililiandika mimi mwenyewe 😅 Nimeshalitoa, naweka bei leo. @Kaunta daftari nimenunua, zamu ya kwanza nikajipa mimi, kwenda kuchukua simu mapokezi nakuta imezima tangu saa tano asubuhi, chaja yake anachajia daktari.