Mchunga wa mama mkwe na chupa ya stendi: uchungu kweli unasaidia tumbo?

DerevaWaTatu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba kuuliza bila kuchekwa, ingawa najua nitachekwa.

Naendesha bajaji Mbagala, mwaka wa sita huu. Tumbo langu limeanza tabia: nikila mchana, hasa wali maharage wa kwa mama lishe, haipiti nusu saa limejaa kama tairi. Gesi, kiungulia, na kubeua kwa kuaibisha. Mwezi uliopita abiria alishuka kabla hatujafika, akadai kuna kitu amekumbuka. Najua alichokumbuka.

Kijiweni wakanielekeza kwa mzee mmoja anayeuza dawa stendi. Chupa ya nusu lita, maji ya kijani kibichi, mwarobaini na mshubiri ndani, elfu tano. Akaniambia kadiri inavyokuwa chungu ndivyo inavyofanya kazi. Nikapiga glasi asubuhi, glasi usiku. Nisiwachoshe: siku mbili bajaji haikuwaka. Tumbo linanyonga, mimi na choo tumekuwa ndugu, na nilipotoka mkanda ulikuwa umehama tundu. Kijiweni wakafurahi: "Umeona? Uchafu umetoka!"

Sasa mama mkwe akaja kutoka Muheza kumwona mjukuu. Mke wangu akamsimulia. Mama hakusema kitu. (Mimi na yeye hatuna maneno mengi; nikiongea naye najikuta nimekaa kama niko ofisini kwa mkuu wa wilaya.) Asubuhi akazunguka nyuma ya nyumba, kwenye kiwanja cha jirani ambacho hakijajengwa, akarudi na majani tele kwenye kanga. Mchunga. Akaupika kwa nazi, tukala na ugali. Mchungu jamani, lakini ule wa kurudia, ukimeza unataka tonge jingine. Leo siku ya nne na sijabeua mbele ya abiria.

Swali langu: uchungu wenyewe ndio unafanya kazi? Kama ndio, mbona wa chupa ulinimaliza na wa sufuria umenituliza? Na je, niongeze na karela, lile tunda chungu lenye ngozi ya vinundu? Soko la Kisutu zipo.

Mchunga_Mbuzi

Nimefungua mada mbio nikidhani nimetajwa.

BintiPangani

Kaka, huyo mama mkwe mtunze. Watu wengi wa mjini wanaukanyaga mchunga wakidhani ni magugu. Ukikata jani linatoa utomvu mweupe kama maziwa, ndio humo ulimo uchungu.

Kwetu tunauchambua, tunaukata mwembamba, tunauchemsha na chumvi kidogo kisha tunamwaga yale maji na kuukamua. Usikamue mpaka ukafa! Ukiutoa uchungu wote umebaki na nini? Si bora ule mchicha. Halafu vitunguu, nyanya, tui jepesi kwanza, likichemka unamalizia na tui zito, moto mdogo, unakoroga lisikatike. Anayeanza achanganye na majani ya kunde, nusu kwa nusu. Nazi ndiyo inayoushika ule uchungu, kwa maji matupu utamkimbiza mgeni.

Bibi yangu alikuwa akiona mtu hana hamu ya kula anampikia mchunga. Hakusema unatibu. Alisema unafungua mdomo.

Mfamasia_Mstaafu

Bibi wa BintiPangani alisema vizuri kuliko mzee wa stendi.

Ulimi wa binadamu una vipokezi vya uchungu, aina 25 hivi, na vingine vimeonekana hadi tumboni na kwenye utumbo. Kazi yake ya asili ni kengele. Mimea mingi hujilinda kwa uchungu, na mingi yenye sumu ni michungu, kwa hiyo mwili ukiuonja unashtuka na kujiandaa. Mate yanatoka, na maji ya kusagia chakula yanaweza kuongezeka. Hapo ndipo watu wa nchi nyingi walipopata desturi ya kula kitu kichungu kabla ya mlo. Ushahidi kwamba hilo linamponya mtu gesi bado ni mdogo. Na kengele haijui kama aliyegonga ni mgeni au mwizi, ndiyo maana mimi sipimi dawa kwa uchungu wake.

Chupa yako: chini ya ganda la mshubiri kuna utomvu wa njano. Huo ni dawa ya kuharisha, tena kali. Haukutoa uchafu wowote kijana wangu, ulitoa maji na chumvi za mwili wako. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliziondoa dawa za kulainisha choo zenye mshubiri kwenye orodha ya zile zinazouzwa bila cheti cha daktari, maana watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama. Mjamzito asiuguse kabisa. Mwarobaini nao tunausifia kwa magonjwa arobaini, lakini mafuta yake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wadogo.

Mchunga wako: ulikula majani yenye nyuzinyuzi, yaliyochemshwa, umekaa chini, unatafuna taratibu kwa sababu mama mkwe anakutazama. Na siku nne hizo hukula maharage haraka haraka injini ikiwa inanguruma. Utajuaje ni uchungu?

Karela ni chakula, kula. Ila kama unameza dawa za kisukari, nayo inaweza kushusha sukari, dawa na karela zikajikuta zinaishusha kwa pamoja. Na mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo asijitibu kwa vitu vichungu, vinaweza kumchochea.

Nina swali moja. Unatumia dawa gani za maumivu?

Damu_ya_Kisii

Huku kwetu saga (nyie mnaiita mgagani) ni chungu pia, na mnavu vilevile. Mama anachemsha, anamwaga maji, kisha anatia maziwa na kuilaza. Kesho yake ukipasha uchungu umepoa. Watu wa nazi na watu wa maziwa tumefika palepale kwa njia mbili.

Shamba_Boi

Niongeze moja kabla watu hawajaanza kutafuna kila kichungu. Tango au mung'unye likiwa chungu isivyo kawaida, litupe. Si dawa, ni sumu ya mmea wenyewe, na kupika hakuiondoi. Baba yangu alilazimisha mung'unye wa namna hiyo kwa kuwa "umetoka shambani kwangu". Alitapika mpaka jirani akaja na taa.

DerevaWaTatu

Mfamasia, shikamoo. Umenishika pabaya. Kiti cha bajaji kimeniharibu mgongo, nameza diklofenaki. Nanunua karatasi nzima, namezea chai ya rangi saa kumi na moja alfajiri kabla ya kutoka. Chakula cha kwanza ni hiyo saa saba. Miezi mitano sasa.

Mfamasia_Mstaafu

Marahaba. Basi acha kutafuta jibu kwenye majani. Hiyo diklofenaki tumbo tupu, miezi mitano, inachuna ukuta wa tumbo. Isimamishe, nenda kituo cha afya, waeleze kama ulivyotueleza hapa, na uombe kipimo cha choo cha bakteria wa vidonda vya tumbo. Choo kikiwa cheusi kama lami, au ukitapika damu, usisubiri kesho. Mchunga endelea nao, ni mboga nzuri.

DerevaWaTatu

Nimerudi wakuu. Kipimo nimetoa jana, majibu Jumatatu. Daktari kanibadilishia dawa ya mgongo na kaniambia nile asubuhi kabla sijawasha bajaji. Kiazi kitamu na chai vinatosha, kasema.

Tatizo jipya: mama mkwe anaondoka Jumamosi, na jirani leo kashusha matofali kwenye kile kiwanja. BintiPangani, dada yangu, mchunga unaota kwenye ndoo?

BintiPangani

Unaota popote, kazi ni kuuzuia. Chimba mzizi mweupe wa chini kabla fundi hajamwaga zege, kipande cha urefu wa kidole kinatosha. Na umwombe mama akuonyeshe jani lenyewe kabla hajapanda basi, usije ukatupikia kitu kingine.